Kitabu cha Kwanza Kinapotuvunja Moyo



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kuvunjika moyo, tukianzia katika jambo dogo: kitabu. Marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, alitupatia Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo jina lake latukumbusha Litania ya Bikira Maria. Humo tuliwakuta watu tunaowafahamu: baba mlevi, binti anayepotea, nyumba inayobomoka. Basi tulipoishika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, tuliwatazamia watu wa namna hiyo. Hatukuwapata. Tulikuta nchi ya ajabu, ambamo ndoto na kweli vimechanganyika, na safari isiyosema inaelekea wapi. Tulifika ukurasa wa mwisho mikono mitupu.

Hata leo hatuipendi sana. Lakini Nagona haisimami peke yake. Mwaka 1991 ilifuatiwa na Mzingile, na wahakiki huzisoma riwaya hizo mbili kwa pamoja. Jina la hiyo ya pili latosha kuwa onyo: aliye ndani ya mzingile hajui maana ya kona aliyoipita mpaka atakapotoka. Tuliisoma nayo. Haikutuondolea uchungu wa ile ya kwanza, ila ilitufanya tuirudie tukiwa na maswali badala ya madai. Sisi wa Ufipa twaijua njia ya namna hiyo. Anayeteremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze hupita kona zinazomgeuza alipewe mgongo bonde lile lile analoliendea.

Ndugu wapendwa, wapo vijana wetu waliopokea Kipaimara wakitazamia moto, kesho yake wakaamkia shamba lile lile na mashaka yale yale. Wapo wanandoa ambao mwaka wa kwanza umewaonjesha ukimya kuliko furaha. Baadhi yao hatuwaoni tena kanisani. Tukiwaambia kwamba hawana sababu ya kusikitika, tutakuwa tumewafungia mlango mara ya pili.

Tuwatazame wanafunzi wa Emau (Lk 24:13-35). Tumaini lao walilisimulia kama jambo lililokwisha kupita. Yesu aliwauliza, akawaacha waseme hadi mwisho, ndipo akawakemea na kuwafafanulia Maandiko. Hakuwangoja Yerusalemu mpaka warudi wakiwa na imani. Alitembea nao katika njia ile ile waliyokuwa wakiondokea.

Basi juma hili, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyeishia katika kitabu cha kwanza. Amwulize alitazamia nini. Kisha anyamaze, amsikilize.

Mungu awabariki nyote.