Fundi wa Sura za Kutisha

Leo nataka kuwasimulieni habari za fundi mmoja wa Marekani ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutisha watu. Msicheke. Mimi mwenyewe alinitisha mwaka 1991, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwenye nguvu zangu, najifunza ushonaji mjini Morogoro.

Jioni moja tuliingia katika kibanda cha video, mimi na wenzangu wawili, tukaona ile sinema ya mapadre wanaomtoa pepo mtoto wa kike. Jina lake ni The Exorcist, nayo ilitoka mwaka 1973. Sitaieleza yote, maana najua gazeti hili husomwa na watoto pia. Naeleza jambo moja tu. Mtoto amelala kitandani, hana fahamu, na mara juu ya ngozi ya tumbo lake yanaanza kuinuka maneno ya kuomba msaada, kama makovu yanayojiandika yenyewe. Usiku ule nililala na taa ya chemli inawaka, na asubuhi mwenye nyumba akanidai pesa za mafuta.

Ikapita miaka mingi. Mwaka jana nilipokuwa nikisimulia habari hiyo nyumbani, kijana wangu akatafuta katika simu yake, akanisomea jinsi mambo yalivyofanyika. Kumbe lile tumbo lilikuwa la mpira!

Fundi mwenyewe aliitwa Dick Smith. Alitengeneza tumbo la povu la mpira, mfano wa tumbo la binadamu. Akachovya brashi katika dawa ya kutolea madoa ya nguo, akaandika yale maneno. Kila brashi ilipopita, mpira ukavimba. Kisha ukapulizwa hewa ya moto, uvimbe ukanywea taratibu mpaka maneno yakapotea, na wakati huo kamera inapiga picha. Mwishowe wakaionyesha filamu kinyumenyume. Haya ndiyo yaliyonigharimu mafuta ya taa.

Baada ya hapo nikataka kumjua yule bwana. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Larchmont, jimbo la New York. Aliingia chuo kikuu cha Yale akikusudia kuwa daktari wa meno, lakini akapata kitabu cha kuwapaka rangi wachezaji wa michezo ya kuigiza, na meno yakasahauliwa. Alipopeleka picha za kazi zake kwa watengenezaji wa sinema hawakumtaka. Mwaka 1945 akapata kazi katika televisheni, katika shirika la NBC, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado changa. Akakaa pale miaka 14. Hakuwa na mwalimu. Alijaribu, akaharibu, akajaribu tena.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza uso wa mchezaji hupakwa uji mzito kama ule wa madaktari wa meno wa kuchukulia alama za meno, akaachiwa nafasi ya kupumulia. Uji ukishika huvuliwa, ndani hutiwa plasta, na hapo fundi anapata sura ya mtu yule bila kukosea hata kunyanzi moja. Juu ya sura hiyo hufinyanga kwa udongo yale anayoyataka: pua, kidonda, mashavu yaliyolegea. Udongo huo hutengenezewa kalibu. Kisha mpira wa maji hupigwa kama mayai mpaka uwe povu, humiminwa ndani ya kalibu, huokwa katika tanuri. Kinachotoka ni chepesi na laini, hubandikwa kwa gundi na kupakwa rangi.

Mafundi wengi walikuwa wakifanya kinyago kizima kimoja. Bwana Smith alikikata vipande vidogo vidogo, kila kipande kikipandana na mwenziwe, ili mchezaji aweze kucheka, kulia na kukunja uso. Mimi fundi cherehani nilielewa mara moja. Nguo ya kipande kimoja ni gunia, hata kama kitambaa ni cha bei.

Mwaka 1970 alimgeuza Dustin Hoffman, kijana wa miaka thelathini na kitu, kuwa mzee wa miaka 121, hata kope za macho zikazeeka. Mwaka 1972 alimwekea Marlon Brando kifaa mdomoni cha kutunisha mashavu katika The Godfather. Naona udaktari wa meno haukusahauliwa kabisa. Na katika ile sinema ya pepo, yule padre mzee mwenye shingo ya makunyanzi, aitwaye Merrin, alichezwa na Max von Sydow, ambaye hakuwa amefika hata miaka 45! Sura ya mtoto mwenye pepo kila mtu aliiona, akapiga kelele. Sura ya padre hatukuiona kabisa. Tulidhani ni mzee. Kwangu mimi kazi hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu.

Katika ufundi huo watu walificha siri zao sana. Bwana Smith hakuficha. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto kujitengenezea sura za kutisha kwa vitu vya jikoni. Vijana walimwandikia barua, naye akawajibu. Mmoja, Rick Baker, akawa msaidizi wake katika sinema hiyo ya pepo, na baadaye akapata tuzo saba za Oscar. Mwingine, J. J. Abrams, aliyekuja kuwa mwongozaji wa sinema, alipokuwa mtoto alipokea kwa posta kasha lenye ulimi wa mpira uliobaki katika kazi ile ile, na maelezo kwamba aubandike kwa siagi ya karanga. Mama yake alishangaa ni bwana gani huyu anayewapelekea watoto ndimi. Bwana Smith naye alipata Oscar yake kwa Amadeus ya mwaka 1984, na nyingine ya heshima mwaka 2011. Alifariki mwaka 2014.

Sasa nisikilizeni. Fundi aliyenifundisha Morogoro, kila alipofika kwenye kukata kola, alinituma maji. Miaka miwili nilichota maji. Kola nilijifunza usiku, kwa kuokota vipande vilivyotupwa na kuviunganisha chini ya ile chemli. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo. Halafu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akaja kujifunza kwangu, na kila nilipochukua chaki kwa ajili ya kola, nilimtuma vifungo dukani. Alikaa miezi minane. Siku moja akaenda kununua vifungo, hakurudi. Vifungo alinitumia kwa mtoto wa jirani, pamoja na chenji.

Nilimwambia dada kwamba kijana ni mvivu.

Kijana wangu alipomaliza kunisomea habari za ule ulimi na siagi ya karanga, yeye alicheka, mimi sikucheka. Wiki hiyo nilimpigia simu mpwa wangu. Anachoma tofali Kilosa, ana watoto wawili. Nilimwambia kuna kola nataka tuikate pamoja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama vifungo vipo, au apitie dukani.

Nimemwambia vipo. Amesema atakuja baada ya mavuno. Kitambaa kiko mezani, nimekichora chaki, sijakikata.