Miguu niliyoificha

Leo naandika juu ya jambo nililolificha karibu mwaka mzima: miguu yangu.

Mnaijua kazi ya ndagala. Alfajiri uko Kalundu, maji yamefika kwenye vifundo, unangoja mitumbwi ishushe. Mchana uko sokoni na viatu vya plastiki vilivyolowa tangu asubuhi. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za kando, hata nyumbani tulitembea majini. Ndipo nilipoanza kuwashwa kati ya kidole cha mwisho na mwenzake. Ngozi ikawa nyeupe, ikapasuka, ikanuka. Baadaye ukucha wa kidole gumba ukawa wa manjano, mnene, ukikatwa unavunjika kama chaki.

Niliona haya. Mkutanoni wenzangu wakivua viatu mkekani, mimi nilibaki na soksi. Jirani alinishauri nipake maji ya betri. Nashukuru niliogopa, kwa maana yanaunguza ngozi. Nikachukua krimu ya kung'arisha uso. Muwasho ukatulia siku chache, kisha ukarudi na kupanda juu ya mguu. Sikujua kwamba krimu nyingi za namna hiyo zina dawa za steroidi: zinatuliza muwasho, huku fangasi wanazidi kuenea chini yake.

Kilichonitoa mafichoni ni mguu wa mama yangu. Ninaishi naye, ana ugonjwa wa sukari, na tulikuwa tukivaa kambambili moja za kuogea. Akapata ufa kati ya vidole. Hakuusikia, kwa kuwa sukari ya muda mrefu hupunguza hisia za miguu. Asubuhi moja mguu ulikuwa umevimba, una moto, naye ana homa. Vijidudu vingine vilikuwa vimepitia kwenye ufa ule. Alipewa antibiotiki, akapona. Lakini muuguzi alitwambia wazi: wengine wanachelewa, na mguu unakatwa.

Siku hiyo nilivua soksi mbele ya muuguzi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema ni fangasi, wale ambao wengi hapa tunawaita shampinyo, na wanapenda penye unyevu na joto.

Kwa ngozi alinipa krimu ya klotrimazoli: kupaka mara mbili kwa siku, kwenye mguu uliooshwa na kukaushwa, na kuendelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo ndipo wengi tunakosea. Muwasho ukiisha tunaacha, fangasi wanarudi.

Ukucha ni kazi nyingine, kwa sababu krimu haipenyi vizuri. Daktari aliniandikia vidonge vya terbinafini vya miezi mitatu, baada ya kupima damu, maana vinaweza kuumiza ini. Usivinunue tu sokoni. Na ukiwa na mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kwanza. Tena uwe na subira: ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka au zaidi kuota wote upya.

Nyumbani tumebadilisha mambo machache. Kila mtu ana kambambili zake na kitambaa chake. Tukitoka majini tunaosha miguu kwa sabuni na kukausha kati ya vidole, kimoja kimoja. Viatu vinaanikwa juani, soksi zinabadilishwa kila siku. Wembe wa kucha hatuazimani. Na kila jioni nachukua taa, naangalia miguu ya mama, juu, chini na kati ya vidole. Nikiona ufa au kidonda, hatungoji kesho kwenda kituo cha afya.

Ukucha wangu mpya sasa umefika katikati. Bado si mzuri. Lakini mkutano ujao nitavua viatu kama ninyi, na mwenye haya kama yangu aje akae karibu nami.