Nani anamaliza umeme wa kabini?

Kabini ikilipuka saa moja ya jioni katika kartie ya Lubumbashi, mambo mawili hutokea mbele ya fundi kufika. Wamama wanatafuta makala, na watu wanatafuta mwenye kosa. Mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa wapangaji wapya: familia zilizokimbia vita Mitwaba, Pweto na kwingineko, zikapata chumba kimoja nyuma ya nyumba ya ndugu. Inasemwa kwamba wakimbizi ndio wamezidisha mzigo.

Neno hilo ni zito. Mtu aliyeacha shamba na makaburi ya wazee wake hana nguvu ya kubishana na mwenye nyumba. Lakini umeme una jambo moja zuri: unahesabika.

Wahandisi wanaita kazi hiyo hesabu ya mtiririko wa umeme. Msingi wake hauna siri. Pa kila mahali waya zinapokutana, umeme unaoingia lazima ulingane na unaotoka. Mhandisi anaandika kinachozalishwa, kinachotumiwa kila mahali, na urefu na unene wa kila waya. Kompyuta inakisia volti za kila kiungo, inapiga hesabu, inaona pengo, inasahihisha, inarudia mpaka pengo liishe. Mwaka 1956 wahandisi Ward na Hale walionyesha namna ya kuifanya kwa kompyuta. Leo kuna programu za bure zinazoifanya kwenye kompyuta ndogo ya mwanafunzi.

Kwa kartie moja, hata daftari na kalamu vinatosha kuanza. Mfano ni huu: kabini ya kVA 400, nyumba 300, kila nyumba na resho moja ya wati 1,500. Wote wakipika bukari saa ile ile, ni kilowati 450. Kabini imeshapita uwezo wake, na hakuna mgeni hata mmoja aliyefika. Ongeza sasa familia 100 za wakimbizi zinazopikia makala, kila moja na taa mbili na simu ya kuchaji, wati 25 hivi. Zote pamoja ni kilowati 2.5. Hazifiki hata resho mbili.

Haki inataka hesabu ipigwe mpaka mwisho. Familia hizo zikinunua resho nazo, zinaongeza kilowati 150, jumla 600. Hapo mzigo ni wao pia, sawa na jirani yeyote. Lakini nusu ya nyumba zikipika kwanza na nusu baadaye, kila zamu ni kilowati 300, na kabini ile ile inabeba nyumba zote 400. Kuna sharti moja: fundi agawe nyumba sawasawa kwenye faze tatu. Akizitundika nyingi kwenye faze moja, hiyo inaungua wakati zile mbili zinapumzika.

Daftari hilo linaeleza pia resho isiyochemsha maji. Joto la resho linafuata volti mara volti. Umeme wa volti 220 ukishuka mpaka 160 mwisho wa avenyu, joto linabaki karibu nusu. Chakula kinachelewa, resho zinakaa zimewashwa saa nyingi, na mzigo wa jioni unarefuka.

Hesabu ile ile inapanda mpaka juu. Kati ya 1930 na 1956 mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yalijengwa hasa kwa kulisha migodi. Mwaka 1982 ikaongezeka laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1,700, inayopita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Upande wa kusini, laini nyingine inaunganisha Haut-Katanga na Zambia, ambako ukame wa 2024 ulipunguza maji ya Kariba na kuleta giza la saa nyingi. Waya nazo zina ushuru wake: mkondo ukizidi mara mbili, umeme unaopotea njiani unazidi mara nne.

Sasa dunia inataka kuacha mafuta, na kobalti na shaba za Katanga zinaingia katika betri na nyaya za mabadiliko hayo. Migodi inahitaji umeme zaidi, na paneli za jua zinaongezeka juu ya mabati. Paneli zikiunganishwa na waya za mji, umeme unaweza kurudi kutoka mwisho wa avenyu, mahali ambapo zamani ulikuwa unafika tu. Wingu likipita, unageuka tena. Ndiyo maana hesabu ya mara moja haitoshi tena. Inapigwa saa kwa saa, mchana na usiku.

Kartie nyingi zinachanga pesa za kununua kabini mpya. Mbele ya mchango, mkutano unaweza kuandika mambo matatu: nyumba ni ngapi, resho ni ngapi, kila faze inabeba nyumba ngapi. Katika hesabu hiyo wakimbizi waandikwe pia, hata wale wa chumba kimoja. Watoto wao watakua, siku moja watanunua resho. Asiyehesabiwa leo hapunguzi mzigo. Anafanya tu kabini inunuliwe ndogo tangu siku ya kwanza, na itakapoungua, itakuwa imeungulia wote.