Marobota Manne kwa Mkupuo

Tanga ya wakati wangu haikuwa na kina cha kuleta meli kubwa gatini. Meli zilitia nanga ghubani, na mkonge ukazifuata huko huko kwa matishari. Katikati ya miaka ya 1970, bandari zikiwa bado chini ya shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, mimi nilikuwa karani wa hesabu, naandika kila robota linalopanda. Robota moja kilo 250. Makuli waliyafunga kwa vitanzi vya kamba ndani ya tishari, na kutoka hapo kazi ilikuwa ya winchi.

Winchi haina maajabu ukiitazama imezimwa. Ni ngoma ya chuma yenye waya uliojiviringa, mota, breki, na gia zinazopunguza mwendo wa mota ili nguvu iongezeke. Melini ilifanya kila kitu: kukaza kamba za kufungia meli, kufungua vifuniko vya ngama, kunyanyua shehena. Baadaye niliiona hata mbele ya Land Rover, waya umefungwa kwenye mti na gari linajitoa lenyewe kwenye matope ya masika. Ila huko porini hakuna mtu anayefanya kazi chini ya mzigo.

Kwenye meli winchi mbili zilifanya kazi kwa pamoja. Mkono mmoja wa chuma ulielekezwa juu ya ngama, wa pili nje juu ya tishari, na nyaya zao zikakutana kwenye ndoano moja. Winchi ya nje ikinyanyua, ya ndani inavuta taratibu. Mzigo ukishavuka ukingo, ya nje inalegeza. Anayeshika usukani wa winchi haoni tishari wala chini ya ngama. Anaona mkono wa mpiga ishara tu.

Mpiga ishara wetu alikuwa Mdigo mtu mzima, sote tukimwita Mjomba. Alinifundisha jambo ambalo sikulisoma shuleni: mzigo ukipanda juu sana, nyaya mbili zinatanuka, na kadiri zinavyotanuka ndivyo kila moja inavyobeba zaidi. Pembe kati yao ikifika digrii 120, kila waya unabeba uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Ikizidi hapo, unabeba kuliko mzigo wenyewe. Ndiyo maana Mjomba alipitisha marobota chini chini, yakikaribia kukwaruza ukingo wa meli, na maofisa wageni wakidhani ni uvivu.

Siku ninayoikumbuka, meli ilikuja na mbao zimepangwa sitahani hadi kifuani. Ili kuzivuka ilibidi mzigo upande juu. Mjomba akasema tupunguze, tupeleke marobota manne kwa mkupuo. Ofisa wa meli alikuwa na haraka. Akataka kumi na mawili, tani 3 nzima. Mjomba hakubishana. Alikunja mikono kifuani, na winchi zote mbili zikasimama, maana bila ishara yake hakuna kijana wetu aliyegusa usukani.

Ofisa akaleta mabaharia wake. Mjomba akageukia tishari: "Wanangu, ondokeni hapo chini, nendeni tezi." Wakaenda, wengine wakinung'unika kwa kuwa malipo yalikwenda kwa tani.

Mkupuo wa kwanza ulipita. Ofisa akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Wa pili ulipofika juu ya mbao nilisikia mota ikibadilisha sauti, ikawa nzito, na waya ukaanza kudondosha matone ya grisi kwa kukamuliwa. Kisha ukakatika. Ncha yake ilichapa ukingo wa ngama ikabandua rangi hadi chuma. Marobota yakaangukia mbao, na mawili yakabiringika hadi kwenye tishari, pale pale vijana walipokuwa wamesimama awali.

Hakuna aliyeumia. Kazi iliporudi mchana, ofisa alimwuliza Mjomba kwa vidole: ngapi? Mjomba akainua vinne.

Jioni ofisa huyo alitaka fomu yangu, sehemu ya sababu ya kuchelewa, isomeke kwamba waya ulikuwa mbovu. Waya ulikuwa mpya. Ulifungwa mbele yetu asubuhi ile. Nikaandika tani 3, nikaandika na kimo cha mbao, nikamwambia atie sahihi. Alitia baada ya kupiga kelele sana.