USIMKIMBIE TEMBO, MSHIKAJI!

Dodoma bila tembo isingekuwa na jina. Wagogo wanasimulia kuwa tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope. Watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Wewe unayeshuka stendi ukidhani huku ni zabibu na mishikaki tu, shauri yako. Mwaka 2017 tembo walikatiza hadi maeneo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, bila hata kujiandikisha!

Mimi somo langu nililipata upande wa Kwamtoro, wilayani Chemba, jirani na Pori la Akiba la Swaga Swaga. Asubuhi natembea na babu mwenyeji wangu, tukakuta kinyesi. Babu akakigusa: cha moto.

"Mjukuu wangu, turudi."

"Babu, si tuwachungulie kidogo?" Mtoto wa Kinondoni huyo!

Hakunijibu. Alichota vumbi akalirusha juu, upepo ukalipeleka mbele, yaani harufu yetu ilishafika. Mara vijiti kwaa! Jike na mtoto wake, masikio kama nyungo.

Asikudanganye mtu, nilitaka kutoka nduki. Babu akanidaka mkanda wa suruali. Tembo anaweza kufika kilomita 40 kwa saa. Wewe unayehema ukipanda ngazi utamkimbia wapi? Akitandaza masikio, akitikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anatisha tu. Simama, mtazame, rudi kinyumenyume taratibu. Noma ni akibana masikio, akakunja mkonga na kuja mzimamzima. Hapo tupa begi au shati abaki ananusa, wewe zunguka nyuma ya mbuyu mnene au majabali, na Dodoma yamejaa. Kamti kembamba usipande, atakang'oa na wewe juu. Na kamwe usikae kati ya mama na mtoto.

Wetu alikuja hatua kadhaa, akasimama, akapiga tarumbeta lake, akageuka. Nilipotazama chini, ndala moja sina.

Jioni babu akanionyesha shamba lake. Nusu ya uwele imelala chini, na ile kamba aliyoipaka oili chafu na pilipili imekatika. Kwenye kichanja kulikuwa na debe, tochi na blanketi.

"Wewe umemwona mara moja," akasema, huku anapanda. "Mimi nalala hapa mpaka tuvune."