Zenobia na njia ya kusini

Kabla ya mwaka 2002, kwarara wa jangwa la Syria alikuwa ameshazikwa vitabuni. Kisha karibu na Palmyra wakaonekana saba. Saba tu! Ni ndege mweusi mwenye mng'ao wa kijani, kichwa upara mwekundu, mdomo mrefu uliopinda. Mzuri, sijui kama nimwite hivyo, ila ukimwona humsahau.

Kila mwaka wakishalea makinda walikuwa wanaondoka, na hakuna aliyejua wanakokwenda. Mwaka 2006 watatu wakafungwa visambaza mawimbi: Sultan, Salam na Zenobia, huyu akiitwa kwa jina la malkia wa kale wa Palmyra. Setilaiti ikipita juu huyapokea mawimbi yakibadilika, kama honi ya basi linalokuja kisha linakupita, na kwa mabadiliko hayo hupiga hesabu ya mahali ndege alipo. Nukta zikateremka: Jordan, Saudia, Yemen, zikavuka Bahari ya Shamu, zikatua nyanda za juu za Ethiopia. Kama kilomita 3,000 hivi. Watafiti wakafunga safari, wakawakuta kweli.

Nimeirudia habari hii kuliko riwaya nyingi nilizonazo, na si kwa ajili ya setilaiti. Kinachonikamata ni vijana wao. Waliondoka hawakurudi, huko njiani, hasa Saudia, kuna bunduki na nyaya za umeme. Na kwarara hazaliwi anaijua njia, huifuata nyuma ya wakubwa. Basi ramani nzima ilikuwa imebaki vichwani mwa ndege wachache. Wakaletwa makinda waliofugwa Uturuki, wakaachiwa Palmyra wajifunze kwa hao wazee.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha. Alikwenda Muscat na kusi, akarudi na kaskazi. Wanawe walipata kazi bandarini, hakuna aliyemuuliza nyota zake. Hayo basi.

Mwaka 2015 Palmyra ilipotekwa, dunia ikatazama maghofu. Ndege waliokuwa kizuizini waliachwa na walinzi waliokimbia vita, na Zenobia hakujulikana alipo. Ikatangazwa zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta habari zake. Nilipomsimulia rafiki yangu akaniuliza, "Watu wanakufa huko, we unalilia ndege?"

"Nalilia wote," nikamwambia. "Machozi yapo."