Nilimwita mvivu

Punda wangu alikufa kwa msokoto wa tumbo, na mimi ndiye niliyemcheleweshea msaada. Nimeshalisema nyumbani, nimelisema mbele ya kijana aliyekuwa akimwendesha, na sasa naliandika ili mwenye punda mwingine hapa Musoma asipite nilipopita mimi.

Ningeweza kusema sikujua, na watu wangenionea huruma. Lakini nilikuwa najua kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonipoteza. Ujanani nilifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Arusha lililokuwa na farasi wa kupandisha watalii. Huko nilimwona farasi akishikwa na tumbo. Alijipiga tumboni kwa mguu wa nyuma, akageuza shingo kutazama ubavu wake, akalala, akajigaragaza, akainuka, akalala tena, jasho likimtiririka. Kila mtu pale shambani aliacha alichokuwa akifanya. Tangu siku ile nikaamini kwamba mnyama wa jamii hiyo akiumwa tumbo utamwona tu, huhitaji kuambiwa.

Hapa kwetu Mwisenge, Musoma, hatuna farasi, tuna punda. Wanatubebea mchanga, matofali, kuni, magunia ya mahindi kwenda mashineni, na maji siku bomba linapokatika. Wangu alikuwa jike, wa makamo, nilimnunua mnadani upande wa Bunda, akawa anavuta mkokoteni. Chakula cha wanangu kilitoka mgongoni mwake kwa muda mrefu.

Ilikuwa kiangazi. Majani yalikuwa yamekauka, nikawa namlisha mabua ya mtama na ya mahindi, na jioni namwachia ajitafutie. Naye alikuwa akijitafutia majalalani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua sana, lakini nyuzi za viroba, kamba za manila na vifungashio bado vimejaa kwenye takataka, vikiwa vimeloa mabaki ya ugali na maganda ya ndizi. Punda havitenganishi. Nililiona hilo kila jioni na sikulifanyia kitu.

Asubuhi hiyo kijana alinijia nikiwa nakunywa chai.

“Mzee, huyu hajanya tangu jana. Na pumba hajazigusa.”

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amesimama pembeni ya banda, kichwa kimeshuka kidogo, masikio yamelala pembeni, macho nusu yamefumba. Hakuwa akijipiga tumboni wala kujigaragaza, na jasho hakuwa nalo. Nikamwambia kijana, “Anajifanya huyo. Mvivu tu. Mfunge, kuna mchanga wa watu.”

Fundi alikuwa akisubiri mchanga huo Makoko, na mimi nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali na kuyatumia. Hili ndilo kosa lenyewe. Nilimtazama mnyama huku nimeshaamua kwamba lazima awe mzima. Kama fundi yule asingekuwa ananisubiri, nadhani ningemsikiliza kijana.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza jambo ambalo kila mwenye punda angepaswa kulijua siku anapomnunua. Punda si farasi mdogo. Mababu zake ni punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, waliofugwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na huko mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye simba humwona kwanza. Kwa hiyo punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hupiga kelele kwa mwili mzima; punda mwenye maumivu yaleyale hupoa tu. Huacha kula, hulala zaidi ya kawaida, hujitenga na wenzake, huinamisha kichwa. Akifikia hatua ya kujigaragaza, mara nyingi mambo yameshaharibika ndani. Dalili zote nilizoziita uvivu zilikuwa dalili za ugonjwa, na mtu mmoja alikuwa ameniletea ile iliyo nzito kuliko zote: hajanya. Punda mzima hunya mara nyingi kwa siku. Banda likiamka kavu, kuna kitu kimekwama.

Alivuta mkokoteni mara moja. Safari ya pili alisimama kwenye kimlima na hakuendelea. Kijana hakumpiga. Alimfungua, akamwongoza polepole mpaka kivulini, akanipigia simu. Nilifika nikiwa na hasira, na nilipomkuta amelala chini hasira ikageuka kuwa hofu, na katika hofu hiyo nikafanya kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Nilinunua mafuta ya kupikia, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikamwambia kijana ainue kichwa cha punda juu, nikammiminia mdomoni. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya kwa ng'ombe na mbuzi tangu nikiwa mdogo. Alikohoa. Mafuta mengine yalimtoka puani. Niliona yanatoka puani, na niliendelea mpaka chupa ikaisha. Mafuta yanayomiminwa hivyo huweza kuingia kwenye mapafu badala ya tumbo, na mapafu yakishapata mafuta huwaka homa ambayo dawa huishinda kwa shida. Mafuta ya kulainisha tumbo hupitishwa kwa mpira mrefu, puani hadi tumboni, na mtu aliyefunzwa, anayejua kuhakikisha kwamba mpira haukuingia kwenye njia ya hewa. Mimi nilitumia chupa ya soda.

Daktari nilimpigia alasiri. Alikuja haraka, hana lawama yoyote katika habari hii. Kwanza aliniuliza punda alikunya lini mara ya mwisho. Mimi sikuwa na jibu. Kijana ndiye aliyejibu. Kisha akainua mdomo wa juu wa punda akatazama ufizi. Ufizi wa mnyama mzima ni wa waridi na una unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unageuka mweupe, ukiachia rangi hurudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Wa huyu ulikuwa mkavu, mwekundu wa giza, na nilimsikia daktari akihesabu polepole rangi ikiwa bado haijarudi. Akashika mshipa chini ya taya. Moyo wa punda mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 36 na 52 kwa dakika. Wa huyu ulikuwa umepita mbali.

Halafu akaniambia niweke sikio langu ubavuni mwa punda, nyuma ya mbavu. Nikapiga magoti nikaweka. Tumbo la punda mzima linatokota kama maharage jikoni, halinyamazi. Mle hakukuwa na sauti yoyote. Nilibaki na sikio pale kuliko ilivyohitajika, nikitumaini kusikia hata mlio mmoja.

Alimchoma sindano ya maumivu, akapitisha mpira, akampa parafini ya maji, ile ya dawa. Akaniambia wazi kwamba saa nyingi zimekwisha kupita, na kwamba pumzi anayoisikia kifuani haimpendezi. Punda hawezi kutapika, sawa na farasi. Kilichoingia hakina njia ya kurudi. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa.

Niliomba apasuliwe. Nilitaka kuona. Utumbo mpana wa punda umekunjwa, na karibu na nyonga una kona ambapo njia inakuwa nyembamba ghafla. Hapo ndipo palipoziba. Mabua makavu yalikuwa yameshikana bonge gumu, na ndani yake nyuzi za viroba zimeyafunga pamoja. Daktari akafungua kinywa. Meno ya nyuma ya upande mmoja yalikuwa yameota kingo kali, hakuweza kusaga vizuri. Kijana akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kulaumiwa, kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akiokota chini ya hori vifundo vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Hakujua kama ni kitu. Na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mimi mwenye punda sikuwahi kuinama kutazama.

Na maji. Ziwa lote la Victoria liko hapo chini yetu, na punda wangu alikuwa na kiu. Nilikuwa nampa maji kwenye ndoo iliyochanganyiwa saruji. Punda huchagua maji. Yakiwa na harufu atayaacha, na kwa kuwa huvumilia kiu kuliko wanyama wengi, ataendelea kula makavu huku tumbo likikauka. Nilisema mara nyingi, tena kwa kujisifu, kwamba punda wangu hanisumbui kwa maji.

Sasa nifike mahali ninapopaonea aibu zaidi. Watu walipoanza kuuliza, nilisema kijana ameniulia punda. Nilisema alimzidishia mzigo. Nikamkata mshahara. Alinyamaza, kwa sababu mimi ni mzee na yeye ni kijana wa kazi. Yeye ndiye aliyeona kwanza, ndiye aliyekataa kupiga, ndiye aliyejua jibu la daktari. Ilinichukua muda kukubali. Nilikwenda kwao, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, nikamlipa nilichomkata. Amenisamehe, au amesema amenisamehe. Sina haki ya kumuuliza mara ya pili.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mkutanoni Addis Ababa, walikubaliana kuzuia punda wa bara hili wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Niliifurahia sana habari hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, nayo pia naiunga mkono. Lakini mwenye kuisherehekea sheria wakati punda wake anakunywa kwenye ndoo ya saruji bado hajafanya kitu. Biashara ya ngozi nilikuwa tayari kuilaani kwa saa nzima. Meno ya mnyama aliyenilisha sikuwahi kuyatazama hata kwa dakika moja.

Nina punda mwingine sasa, na kijana ni yuleyule. Asubuhi tunaanza na kinyesi kabla ya chai: kipo, kiasi gani, kikavu au laini. Ndoo ya maji ni yake peke yake. Jioni hapiti jalalani. Meno yanaangaliwa na daktari kila mwaka. Akikataa chakula hafungwi kwenye mkokoteni, hata kama hakuna dalili nyingine, kwa sababu punda akikaa siku moja au mbili bila kula, mafuta ya mwilini mwake huanza kumwagika kwenye damu na kuharibu ini, na hilo nalo huua hata pale tumbo lenyewe lilipokuwa limeanza kupona.

Ndugu zangu wenye punda wa Mwisenge, Makoko, Nyasho, na ninyi wa Bunda na Butiama, nawaomba. Ukiona punda amepoa, hajala, hajanya, ondoa chakula mbele yake, mwachie maji safi, mtembeze polepole kama anakubali, usimlazimishe, na piga simu kwa daktari saa hiyohiyo. Usimpe kitu chochote kwa chupa. Mwambie daktari lini alikunya, lini alikula, na kama wewe hujui, muulize anayemwendesha, kisha umwamini. Na tukutane tuchange tununue mpira wa kupitishia dawa wa saizi ya punda, ukae kwa daktari wetu wa mifugo, usikosekane siku punda wa mmoja wetu atakapouhitaji. Mimi nimeshatoa mchango wangu wa kwanza.